Njia Iliyofichika Shingoni

Mtoto wa Muthara, katika Tigania Mashariki huko Meru, akiota uvimbe katikati ya shingo, majina humfikia kabla ya tabibu. Nyanya yake atasema ni goita. Jirani aliyewahi kuuguza mgonjwa wa kifua kikuu atasema ni tezi za TB. Mwenye haraka atasema ni jipu, litumbuliwe yaishe. Hakuna anayesema ovyo. Nyanda za juu za Kenya ziliijua goita vizuri, hata sheria ikaja mwaka 1978 kulazimisha chumvi yetu itiwe ayodini. Kifua kikuu hujificha kweli kwenye tezi za shingo. Na majipu kila mtu ameyaona. Lakini uko uvimbe mmoja usio lolote kati ya hayo. Mtoto alizaliwa na chanzo chake. Kilikaa kimya mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha mafua yakapita nyumbani, shingo ikavimba, na mama akauona uvimbe siku anamwogesha.

Kuutambua ni kazi ya vidole viwili na glasi ya maji. Tabibu anayeijua kazi yake humwacha mtoto mapajani mwa mama, huvuta kiti akaketi usawa wa macho yake, humgeuza aelekee mwanga wa dirisha. Hagusi kwanza, anatazama. Kisha anaweka vidole juu ya uvimbe, kwa wepesi, na kumwomba mama ampe mtoto maji. Mtoto akimeza, uvimbe unapanda. Hilo halitoshi, maana goita nayo hupanda mtu akimeza. Ndipo tabibu anamwambia mtoto atoe ulimi, autoe wote, hata kama nyumbani hukatazwa. Uvimbe ukipanda tena, ukivutwa kutoka ndani, jibu limepatikana. Goita haivutwi na ulimi. Tezi za TB hazina habari na ulimi. Uvimbe huu umefungwa kwenye shina la ulimi, na kilichoufunga kiliumbwa mama akiwa bado hajajua kama ni mjamzito.

Nauheshimu sana uchunguzi huo, kwa sababu hauhitaji umeme wala mashine, nao hufanyika katika vyumba vile vile vya serikali na vya misheni ambako foleni huanza kabla ya jua kuchomoza. Katika Tigania Mashariki, kama kwingi mashinani Kenya, wa kwanza kukutana na mtoto huyo mara nyingi si mpasuaji bali tabibu au muuguzi aliyesomea KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba. Wapo matabibu waliorudi chuoni kuongeza elimu ya masikio, pua na koo, na mkono wa mtu kama huyo hujitambulisha upesi: hauminyi. Unasubiri mwili wa mtoto uujibu.

Historia ya uvimbe wenyewe ni hii. Karibu siku ya 24 tangu mimba kutungwa, kiinitete kikiwa hakijafika nusu sentimita, tezi ya thairoidi huanza kuumbika. Haianzii shingoni. Huanzia mdomoni, kwenye sakafu ya koromeo, mahali ambapo kila mmoja wetu bado ana kishimo kidogo nyuma kabisa ya ulimi. Kutoka hapo hushuka ikiwa imeshikwa na mfereji mwembamba, hadi wiki ya 7 inapofika makao yake mbele ya bomba la hewa, chini ya zoloto. Mfereji ule hutakiwa unyauke na kupotea, na kufikia wiki ya 10 kwa kawaida umekwisha. Si kwa wote. Uchunguzi wa maiti za watu wazima umeonyesha kwamba takriban watu 7 kati ya 100 walibaki na kipande cha mfereji huo, na wengi wao waliishi miaka yao yote bila kukijua. Kipande kikiendelea kutoa ute, ute hauna pa kwenda, na kifuko huumbika.

Kilichowashinda wapasuaji kwa muda mrefu ni mfupa. Juu ya zoloto kuna mfupa wa hayoidi, mdogo, wenye umbo la upinde, usioungana na mfupa mwingine wowote mwilini. Misuli ndiyo inayoushikilia. Huumbika wakati ule ule mfereji unapopita, ukikua kutoka kushoto na kulia mpaka pande mbili zikutane katikati. Kwa hiyo mfereji unaweza kujikuta mbele ya mfupa, nyuma yake, au umebanwa ndani yake. Mpasuaji aliyetoa kifuko peke yake aliona shingo safi, akashona, akamuaga mgonjwa kwa furaha. Baada ya miezi, uvimbe ulikuwa umerudi. Kwa njia hiyo ya kutoa kifuko tu, wagonjwa karibu nusu waliweza kurudi. Mkulima wa viazi vikuu katika miteremko ya Nyambene angewaeleza sababu: kichwa cha kiazi kikibaki udongoni, mvua zikija kinachipua.

Mwaka 1920 Walter Ellis Sistrunk, mpasuaji wa kliniki ya Mayo huko Rochester, Minnesota, aliandika jinsi alivyokuwa akifanya. Wapo waliokuwa wameshafikiria kutoa katikati ya mfupa. Schlange wa Ujerumani alishalipendekeza hilo mwaka 1893. Sistrunk aliendelea mbele zaidi. Alitoa kifuko, kipande cha kati cha mfupa, na juu ya mfupa akatoa mhimili wa nyama kuelekea kile kishimo cha nyuma ya ulimi. Hakuutafuta mfereji katika sehemu hiyo ya juu, kwa kuwa alijua hapo ni mwembamba mno, huweza kugawanyika, na ukiutafuta utaukata. Alitoa mahali ambapo lazima upite. Zaidi ya miaka 100 baadaye, operesheni hii bado inaitwa kwa jina lake, na wanaorudi na uvimbe ni wachache, mara nyingi chini ya 10 kati ya 100. Kwangu huo ni ufundi wa kiwango cha juu kabisa: mtu kuikubali mipaka ya macho yake na kupanga kazi yake kwa kile anachojua kuhusu chanzo.

Tuifuate kazi yenyewe, maana inastahili kufuatwa hatua kwa hatua. Mtoto hulazwa chali, nguo iliyoviringishwa chini ya mabega, kichwa kimelazwa nyuma ili shingo inyooke. Mpasuaji hutafuta mkunjo wa asili wa ngozi na kuchora mstari wake humo, ili mtoto akikua kovu lijifiche. Hukata ngozi na msuli mwembamba ulio chini yake. Misuli ya mbele ya shingo haikati. Huitenganisha katikati, palipo na mstari mweupe usio na damu nyingi. Kifuko kinatokeza. Hapo majaribu huanza, kwa sababu kiko mbele ya macho na kingetoka kwa dakika chache. Aliyefundishwa vizuri hakishiki kwa koleo lenye meno. Kikipasuka ute humwagika, kuta hulegea, na mpaka kati ya kifuko na nyama nzuri hupotea. Anakizunguka taratibu, chini na pembeni, akikiacha kimeshikwa upande wa juu tu.

Kisha huja mfupa. Misuli iliyoushika katikati hubanduliwa, na kipande cha sentimita moja hivi hukatwa kushoto na kulia kwa mkasi wa mifupa. Mkato ukienda pembeni mno, ncha ya mkasi hukaribia neva inayousogeza ulimi. Mpasuaji hasogei kule bila sababu. Wazazi huogopa sana wakisikia mtoto atatolewa mfupa, na ni haki yao kuogopa. Lakini pande mbili zilizobaki huachwa bila kuunganishwa, misuli hujishika upya, na mtoto hula, huongea na huimba kama zamani.

Kinachobaki ni mhimili wa nyama unaopanda kwenye shina la ulimi, na hapa naona uzuri wa kazi ya watu wawili. Mtaalamu wa dawa ya usingizi, mara nyingi muuguzi aliyesomea fani hiyo kama wale wanaofunzwa katika hospitali ya Kijabe, huingiza kidole mdomoni mwa mtoto kando ya bomba la kupumulia, na kulisukuma shina la ulimi mbele na chini. Mpasuaji, upande wa pili, huhisi kidole kile kikija kumpokea kupitia nyama. Hukata kuelekea kidole, hufunga kwa uzi, huachilia. Kilichotoka ni kitu kimoja: kifuko, mfupa, nyama, vikiwa bado vimeshikana. Mpasuaji mwangalifu hukigeuza mkononi akikikagua kabla ya kukitia chupani kupelekwa maabara, maana mara chache sana, karibu mtu 1 kati ya 100 na zaidi kwa watu wazima, saratani huwa imejificha ukutani mwa kifuko.

Kabla ya yote hayo kuna hatua ndogo isiyopaswa kurukwa. Picha ya altrasaundi hupigwa kuhakikisha tezi ya thairoidi iko mahali pake. Kuna watoto wachache ambao tezi yao haikushuka hata kidogo au ilikwama njiani, na uvimbe unaoonekana ndiyo tezi pekee waliyo nayo. Kuutoa ni kumpa mtoto kazi ya kumeza vidonge maisha yake yote. Hospitali nyingi za rufaa, ile ya Meru ikiwemo, zina mashine ya altrasaundi, na kwa kazi hii picha yake inatosha.

Uvimbe wa katikati ndio unaojulikana zaidi. Unaonivutia mimi zaidi ni wa pembeni, au tuseme kitundu cha pembeni, kwa sababu mara nyingi hauvimbi kabisa. Ni tundu la ukubwa wa ncha ya sindano, chini upande mmoja wa shingo, mbele ya ule msuli mrefu unaotoka nyuma ya sikio hadi kifuani. Tone la ute hutoka, hukauka, hutoka tena. Kola ya shati inalowa. Wazazi hudhani ni jasho, au kidonda kisichopona, na mwingine humchanja mtoto chale kukizunguka.

Mwaka 1825 Mjerumani Martin Rathke aliona jambo lililowashangaza wanasayansi wa wakati wake: viinitete vya nguruwe vilikuwa na mibonyeo shingoni iliyopangika kama matamvua ya samaki. Binadamu naye huipitia hatua hiyo. Wiki ya 4, pande mbili za shingo ya kiinitete huwa na matao, na kati ya tao na tao kuna mbonyeo kwa nje na kifuko kwa ndani. Tao la kwanza hujenga taya. La pili hukua haraka, likashuka na kuifunika mibonyeo iliyo chini yake, na uwazi uliofunikwa hivyo hutakiwa kuzibika. Ukibaki wazi, mtoto huzaliwa na mfereji kutoka ngozini hadi koromeoni. Mwaka 1832 Ascherson alikuwa wa kwanza kuunganisha mambo haya mawili, matundu ya shingo za watu na mibonyeo ya viinitete, na tangu hapo tundu lile dogo likawa na maelezo.

Na maelezo yale ndiyo ramani ya mpasuaji. Sehemu zaidi ya 90 kati ya 100 za kasoro hizi ni za tao la pili. Kila tao lina mshipa wake wa damu, neva yake na msuli wake, na baadaye mtu mzima hubaki akivibeba vyote. Mfereji wa tao la pili hauwezi kupita popote tu: hupanda shingoni, huingia kati ya matawi mawili ya mshipa wa karotidi, la nje na la ndani, huvuka juu ya neva inayousogeza ulimi, na kuishia penye tonsili. Kijana anayesomea upasuaji akikariri orodha hii bila kuuelewa mpangilio wa matao, ataisahau. Akiuelewa, mikono yake itajua kilicho chini ya kisu kabla hakijaonekana.

Hebu fikiria ni nini kinachoombwa hapo. Mfereji ni mwembamba, mlaini, na unapita baina ya mishipa miwili mikubwa inayolisha kichwa na ubongo. Mpasuaji hukata ngozi kwa umbo la yai kulizunguka tundu, ili tundu lenyewe liondoke na mfereji. Pengine hupitisha rangi ya buluu ndani yake, au kijiti laini, autambue unapojificha kwenye mafuta. Hupanda nao. Mkato wa chini hauwezi kumfikisha hadi tonsili, kwa hiyo badala ya kuchana shingo nzima hufungua mkato wa pili juu, ndani ya mkunjo mwingine, akauvuta mfereji kwa chini ya ngozi na kuendelea kutoka hapo. Mikato miwili mifupi, ya kulala, mmoja juu ya mwingine. Kwa msichana atakayevaa nguo ya shingo wazi miaka ishirini baadaye, uamuzi huo wa kuongeza mkato badala ya kurefusha ni wema mkubwa. Mapigo ya karotidi huwa yanaonekana kwa macho pale mfereji unapopenya. Hakuna anayeharakisha hapo.

Kuna jamii ya tatu, ya matao ya chini, na nitaipitia kwa ufupi ingawa imewatesa wengi: mtoto anayerudi mara kwa mara na jipu upande wa kushoto wa shingo, karibu na thairoidi. Linatumbuliwa, linapona, linarudi. Tabibu akiliona la pili au la tatu upande ule ule, inafaa aache kufikiria jipu, afikirie njia inayotoka koromeoni.

Si kila kasoro ya koo huomba kisu. Mtoto mchanga anayepumua kwa mlio, hasa akilazwa chali au akilia, mara nyingi ana zoloto laini, ambalo gegedu zake hazijakaza na hujikunja ndani hewa inapovutwa. Mlio huo huwatisha wazazi usiku. Wengi wa watoto hao hupona bila kutibiwa kufikia umri wa mwaka mmoja na nusu au miwili. Ufundi hapa ni wa kupima na kungoja: kuangalia kama mtoto ananyonya vizuri, kama uzito unapanda, kama midomo inabaki na rangi yake, na kumrudishia mama utulivu bila kumdanganya. Ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana, maana anayengoja anawajibika kwa kila siku anayongoja.

Kinyume chake ni mtoto asiyeweza kungoja hata siku moja. Kati ya wiki ya 4 na ya 5 umio na bomba la hewa hutengana kutoka mfereji mmoja, na mara moja hivi katika watoto 3,000 hadi 4,000 utengano unaharibika: umio unaishia kama mfuko uliofungwa, na sehemu ya chini imejiunga na bomba la hewa. Mtoto huzaliwa akitoa mapovu mdomoni. Akinyonyeshwa hupaliwa na kugeuka buluu. Mkunga wa zamu hupitisha mpira mwembamba mdomoni, nao unakwama sentimita 10 hivi kutoka kwenye fizi. Kuanzia hapo kila anachofanya mkunga huyo ni nusu ya kwanza ya upasuaji, ingawa hakuna atakayeuita hivyo. Hampi mtoto kitu mdomoni. Anavuta mate mara kwa mara, anainua kichwa, anamfunika joto, anaanzisha maji kwenye mshipa, anapiga simu. Kutoka Meru hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 200 za milima na kona, na mtoto aliyeandaliwa hivyo ana nafasi tofauti kabisa na aliyefika mapafu yakiwa yamejaa maziwa.

Cameron Haight wa Ann Arbor, Michigan, mwaka 1941, ndiye wa kwanza kuunganisha umio wa mtoto wa namna hii kwa operesheni moja na mtoto akaishi. Leo kazi hiyo hufanywa katika hospitali za Kenyatta na Kijabe. Mshono huwekwa mmoja mmoja, kwa nyuzi nyembamba sana, kwenye umio wa mtoto asiyefika kilo tatu, na kila fundo hukazwa kiasi cha kushika tu bila kukata nyama. Tangu mwaka 1999 nchi zetu zina chuo cha wapasuaji cha pamoja, COSECSA, kinachowafundisha vijana katika hospitali za nyumbani badala ya kuwapeleka mbali, na wapasuaji wa watoto wanaongezeka, ingawa bado wako wachache mno kwa watoto tulio nao. Nasema hili kwa uchungu. Ufundi wa namna hii haupatikani kwa kitabu peke yake. Lazima mtu asimame kando ya mwenye mikono, miaka, kabla hajakabidhiwa shingo ya mtoto.

Ndiyo maana sitaki sifa zote zimwendee aliyeko chini ya taa ya thieta. Shingo iliyowahi kutumbuliwa kwa haraka huwa na makovu ndani, tabaka zimeshikana, mfereji hauonekani ulipo, na neva zinajificha kwenye nyama ngumu. Mpasuaji hodari kabisa huingia hapo akiwa amepoteza nusu ya ramani. Aliyeko Muthara, Miathene au Maua ana uwezo wa kumpelekea shingo ambayo ramani yake bado ni kamili. Kama uvimbe umeshika moto, anatoa dawa za kuua vijidudu kwanza na kuupoza. Ukiwa umejaa usaha wa kweli, anauvuta kwa sindano ikiwezekana, badala ya kuufungua kwa kisu. Kisha anaandika barua ya rufaa. Nzuri haizidi mistari michache: umri wa mtoto, uvimbe uko wapi hasa, ulianza lini, unapanda akimeza, unapanda akitoa ulimi, altrasaundi imeiona thairoidi mahali pake, alipewa dawa gani na kwa siku ngapi. Na mwisho, mstari ambao mpasuaji hutafuta kabla ya mingine yote: haujawahi kukatwa.